Nusu ya Sahani

Muzaliwa, mume wangu, aliporudi kutoka machimboni Salamabila baada ya miaka mitatu, alianza kunirudishia nusu ya chakula. Sisemi mabaki. Mabaki nayajua, nimelea watoto wawili. Hii ilikuwa nusu kamili: bugali umekatwa katikati kwa kijiko, upande mmoja umeliwa mpaka sahani inang'aa, upande wa pili haukuguswa, na sombe, majani ya muhogo, imegawanywa vilevile, kama shamba la ndugu wawili wasioaminiana. Juu yake amerudisha kifuniko.

Kwetu kijijini Wamaza mwanamume hali jikoni. Anakula barazani, kwenye kile kibanda kisicho na kuta mbele ya nyumba, na mke anakula nyuma na watoto. Kwa hiyo sahani ndiyo barua yetu. Naipeleka imejaa, anairudisha tupu, na mambo ni shwari hata kama siku nzima hatukusemezana. Ikirudi imejaa, ni vita, na kila mke anajua vita hiyo inapiganwa vipi. Lakini ikirudi nusu? Hakuna aliyenifundisha kusoma barua ya nusu.

Siku ya kwanza nilidhani ni uchovu wa safari. Siku ya tatu nilidhani nimezidisha chumvi. Baada ya wiki mbili nilikuwa nimeshapata jibu, na jibu lenyewe lilikuwa mwanamke. Mwanamume anayekula nusu kwako, nusu nyingine anaila kwa mtu. Nilimwona huyo mtu kila nilipofumba macho: mweupe, mnene, ana nywele za kununua, amemfuata mume wangu kutoka Salamabila na amepanga chumba mahali fulani kijijini, ingawa Wamaza hakuna chumba kinachoweza kupangwa bila mimi kujua.

Nilimuuliza. Nataka ijulikane kwamba nilimuuliza.

"Ile nusu ingine unaenda kuikulia kwa nani?"

"Nimeshiba, mama Plamedi," akasema.

Basi. Neno hilo moja kwa miezi mitatu. Kama angekuwa analewa, ningejua pa kumshika. Kama angenitukana, nina mdomo, ningemjibu. Lakini Muzaliwa alikuwa anaamka kabla ya jogoo, anaenda kwenye mpunga, anarudi, anaziba paa pale panapovuja bila kuambiwa, kisha anakaa barazani uso wake umeelekea njiani. Usiku hakutaka mlango ufungwe. Tulilala mlango wazi kama watu wasio na kitu cha kuibiwa, na mimi nikasema moyoni, anasubiri kutoka.

Mwezi wa nne parokia yetu ikaleta semina ya akina mama, siku mbili, juu ya namna ya kutengeneza ndoa iliyoharibika. Mwalimu alikuwa mama Esther-Divine kutoka Kasongo, msichana mzuri, mwenye sauti ya redio, ambaye ndoa yake mwenyewe ilikuwa haijafikisha miaka miwili. Nilikaa mbele. Niliandika njia zake zote saba katika daftari la hesabu la mwanangu Plamedi, kisha nikarudi nyumbani kuzitumia moja baada ya nyingine, kama mtu anayejaribu funguo kwenye kufuli.

Aliagiza tuseme na waume zetu kwa upole. Nilisema kwa upole mpaka Muzaliwa akaniuliza kama nina malaria. Aliagiza tuvae vizuri. Nilivaa kitenge cha sikukuu nikaenda nacho shambani, kikararuliwa na miiba, na ndege wa mpunga ndio pekee walioniangalia. Aliagiza tusali pamoja. Tulipiga magoti, nikasali sala ndefu iliyomtaja Shetani mara nne huku nikimkazia mume wangu jicho moja, na nilipofika amina nikakuta amelala palepale alipopiga magoti. Aliagiza tuwasifu. Nilisifu paa. Aliagiza tusitoe mambo ya nyumba nje, lakini hilo nilikuwa nimeshalivunja kwa jirani yangu tangu wiki ya kwanza, na lililokwisha kusemwa halirudi mdomoni.

Njia ya saba niliitia alama ya ndiyo bila kuisoma mara mbili. Ilisema: Muulize, kisha unyamaze mpaka ajibu. Mimi nilikuwa nimeshauliza.

Ikabaki ya kumpikia anachopenda. Nikaua jogoo. Sasa, firigisi ya kuku ni ya bwana wa nyumba. Mwanamke haili. Mama yangu alizikwa akiwa na miaka zaidi ya sitini bila kujua ladha yake, na hakulalamika. Nikaiosha, nikaikaanga katika mawese, nikaiweka juu kabisa ya wali, peke yake, ionekane. Nilisema moyoni, leo sahani itarudi tupu.

Nilipokwenda kuichukua, kifuniko kilikuwa juu yake. Nikafunua. Nusu ya wali. Nusu ya nyama. Na firigisi imepasuliwa katikati kwa kisu, safi, nusu yake imeachwa imelala pale inanitazama.

Mtu mwenye akili angejiuliza: kama ana mwanamke anayempelekea nusu, mbona nusu yenyewe anaiacha hapa kwangu? Siku hiyo sikuwa mtu mwenye akili. Niliona tu kwamba nimeshiriki firigisi na mwanamke nisiyemjua. Nikamwaga kila kitu kwa mbwa, nikapanda kile kilima chenye mtandao wa simu, nikamtumia baba yangu ujumbe wa sauti Kabambare. Nilimwambia aje kunichukua, nimeshindwa, ninarudi nyumbani kwake na watoto.

Baba yangu, Papa Zéphirin, alikuwa karani kwa miaka mingi na hapendi maneno yasiyo na msingi. Jibu lake lilikuja kesho yake: "Jumapili ya pili nitakuja na baba yako mudogo Alimasi. Tutakaa na mukwe, tutaongea. Kama ndoa imekufa, tutakubeba. Lakini Cécilia, uwe na neno la kusimama nalo. Kusema anakula nusu ya bugali si neno."

Basi nilihitaji neno. Na neno, niliamini, lilikuwa Salamabila, limekaa, limesuka nywele. Hata kama hakumfuata hapa, huko ndiko alikomzoea. Nilifunga begi la nguo zangu na za watoto, nikaliweka nyuma ya mlango liwe tayari kwa Jumapili. Alhamisi nikawaacha watoto kwa jirani nikamwambia Muzaliwa ninakwenda Salamabila.

Uso wake ulibadilika rangi. Alikuwa ameshika jembe, akaliweka chini taratibu.

"Unaenda kufanya nini kule?"

"Kutembea."

Aligeukia njia. "Usifike karibu na mashimo," akasema.

Nikajiambia, kumbe. Nimemshika.

Kamaldine, dereva wa pikipiki, mtoto wa Kasongo mwenye kofia ya Kiislamu chini ya kofia ya plastiki, alinibeba kwa siku moja na nusu. Nasema alinibeba, lakini nusu ya njia mimi na yeye ndio tulioibeba pikipiki, maana mvua za mwezi wa tano zilikuwa zimegeuza barabara kuwa uji. Tulifika Salamabila kesho yake kabla ya saa sita, matope mpaka magotini, na hasira yangu ilikuwa bado nzima, haikupungua hata tone.

Niliuliza kundi alilofanyia kazi Muzaliwa lilikuwa linakula wapi. Wakanionyesha banda la turubai jeusi, na ndani yake mwanamke anakoroga bugali katika sufuria inayotosha kuogeshea mtoto. Alikuwa mweupe. Alikuwa mnene. Alikuwa na nywele za kununua. Nilishukuru Mungu kwa kunirahisishia kazi.

"Karibu, mama," akasema. "Unatafuta nani?"

"Mimi ndiye bibi ya Muzaliwa," nikasema, nikaweka kifurushi changu cha safari chini ili mikono iwe huru.

Mwiko ukamponyoka. Akajifuta mikono kwenye kitenge, akaja, akanikumbatia na matope yangu yote. Nilisimama kama mti. Sikuwa nimejiandaa kukumbatiwa.

"Mama Plamedi! Yesu wangu, ni wewe? Mimi Kahindo, natoka Butembo, bwana wako alikulaka hapa kwangu miaka yote ile." Akanishika mabega akaniangalia machoni. "Niambie mama, anakulaka sasa? Anamalizaka sahani?"

Kama angenipiga kofi, nisingeshtuka hivyo. Nilikuwa na maneno mengi mdomoni, yamepangwa tangu Wamaza, na yote yakapotea. Nikakaa juu ya kidumu.

Wanaume wanne waliingia wakati uleule, wamejaa udongo mwekundu mpaka kope. Kahindo akawapa sahani nne kubwa. Wakala kimya, upesi, kama watu wanaomwaga maji kwenye moto. Halafu nikaona. Kila mmoja alipofika katikati alichukua kijiko, akapiga mstari kwenye bugali, akagawa maharage huku na huku, akaacha. Wakafunika sahani zao, wakazipanga kwenye ubao, wakaondoka. Hakuna aliyemaliza. Sijui jua lilisogea kiasi gani, wakaja wanne wengine, wachafu kuliko wale, wanapepesa macho kwa sababu ya mwanga. Kila mmoja alikwenda moja kwa moja kwenye sahani moja kati ya zile, bila kuuliza, akafunua akala.

"Ni desturi ya hapa kwetu," Kahindo akasema, huku anaosha vijiko. "Kila mutu iko na mwenzake. Mumoja anashuka mu shimo, mwenzake anabaki juu kuvuta kamba. Mwenye kuwa juu anakulaka wa kwanza, anakata nusu, anafunika. Ile nusu haiguswe na mutu. Ni kama kumwambia mwenzake: utapanda, chakula yako iko."

"Na mwenzake Muzaliwa?"

Aliacha kuosha.

"Hakukwambia?"

Jina lake lilikuwa Bisimwa. Alitoka Bukavu, alikuwa anaimba vibaya na anapenda pilipili, na kwa miaka mitatu yeye na mume wangu walishikana kamba moja. Mwezi wa pili, siku ya mvua, shimo lilianguka na Bisimwa yuko chini. Muzaliwa alikuwa ametoka tu kula. Walichimba siku nne.

"Nusu ya Bisimwa ilikuwa hapa," Kahindo akasema, akagusa ubao. "Siku ya pili nilitaka kusafisha ile sahani. Bwana wako akanishika mukono. Akasema, Kahindo, usiguse, iko anapanda. Siku ya tatu nikanyamaza. Siku ya ine chakula ikaanza kunuka, bakubwa bakasema kuchimba kuishe, ni hatari. Akabeba sahani yeye mwenyewe, akaenda nayo. Sahani yangu hakuirudisha, na mimi sikumuuliza. Kesho yake akapanda pikipiki, akaenda kwenu."

Sitasema kwamba nililia kwa huruma peke yake. Nililia kwa aibu, na chini ya aibu kulikuwa na wivu bado, haukutaka kutoka. Nilimwonea wivu mtu aliyekufa chini ya udongo. Miaka mitatu nilikuwa napanda kile kilima kumtumia mume wangu sauti yangu: paa linavuja, Plamedi anakohoa, unarudi lini. Na yeye ananijibu kazi iko muzuri. Sikuwahi kumuuliza hata mara moja nani anashika kamba yake. Bisimwa ndiye aliyeishika. Mimi sikumjua hata jina.

Na mimi niliyejisifu kwamba nimeuliza! Nilikuwa nimemuuliza kama askari anavyomuuliza mwizi, jibu nimeshaliandika, nasubiri tu atie saini.

Kahindo alitaka nilale kwake. Niliwahi tu kula, na nilikula sahani nzima. Jumapili ilikuwa inakaribia. Baba yangu alikuwa njiani na neno alilolitaka sikuwa nalo tena, nilikuwa na lingine, na sikujua kama lingetosha kuliokoa lile begi nyuma ya mlango. Kama Muzaliwa angeendelea kunijibu "nimeshiba" mbele ya wazee, baba angelichukua kama dharau, na baba akiamua kitu hageuki. Kumsemea pia sikutaka. Jina la Bisimwa lilikuwa la kwake. Ningelitoa mimi mbele ya wakwe, ningekuwa nimemvua nguo.

Mnyororo wa pikipiki ulikatika njiani, tukalala kwa watu. Jumapili nilifika jua limesimama kichwani, na niliwakuta wameshakaa barazani: baba na fimbo yake, baba mdogo Alimasi na miwani yake, na Muzaliwa katikati yao, ameinama.

Nikapiga magoti kuwasalimu.

"Tulifika toka asubui," baba akasema. "Bwana wako anatuambia hana shida na wewe. Wewe ulituita. Neno iko wapi?"

"Mukule kwanza, papa."

"Tulikuja kukula?"

"Mukule kwanza," nikarudia, na kwa sauti yangu akaona ni afadhali akubali.

Niliua kuku wawili. Sijawahi kupika haraka hivyo. Wageni wangu hawakujua, lakini nilijikata kidole nikaendelea kupika. Firigisi moja niliiweka kwenye sahani ya baba, kama inavyostahili. Ya pili nikaiweka kwenye sahani ya Muzaliwa. Niliwapelekea, nikawanawisha mikono. Badala ya kurudi jikoni nikabaki nimesimama kwenye nguzo ya baraza. Alimasi alinitazama juu ya miwani. Sikusogea.

Wakala. Nilimwangalia mume wangu na kwa mara ya kwanza niliona anavyofanya, maana miezi yote ile nilikuwa naona sahani tu. Alipofika katikati mkono ulisimama. Macho yakaenda njiani. Akachukua kijiko, akapiga mstari. Akatoa kisu kidogo mfukoni, akapasua firigisi. Akafunika, akaisukuma pembeni polepole, kwa uangalifu, kama mtu anayemlaza mtoto.

Baba akafuta mdomo. "Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, papa."

"Mukwe wangu," baba akasema, na sauti yake ilikuwa imeshakuwa ya ofisini, "unamurudishia mutoto wangu chakula mbele ya uso wangu?"

"Nimeshiba, papa," Muzaliwa akasema.

Fimbo ya baba ikagonga chini. Ndipo nikasogea, nikakaa kwenye mkeka mbele ya mume wangu, pale mwanamke asipokaa, nikaweka mkono juu ya kile kifuniko.

"Baba Plamedi," nikasema. "Ni ya nani?"

Halafu nikanyamaza.

Hamnijui. Kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kubeba pikipiki. Nilikuwa na jibu mdomoni, ningeweza kulisema mimi na tukamaliza. Kuku alipita akadonoa chini ya kiti. Baba alikohoa. Alimasi alifungua mdomo, nikamwinulia mkono bila kumtazama, na Mungu anisamehe, ni baba yangu mdogo. Muzaliwa aliangalia mkono wangu juu ya kifuniko, aliangalia njia, aliangalia mkono wangu tena. Nikangoja. Nilingoja mpaka miguu ikafa ganzi.

"Ya Bisimwa," akasema.

Nilikuwa sijawahi kusikia jina hilo mdomoni mwake. Lilitoka kavu, kama kitu kilichokaa mahali pasipo hewa.

"Atakuja kuikula?"

"Hapana," akasema. "Hatapanda."

"Basi mimi nimefika," nikasema. "Natoka mbali, na niko na njaa."

Nikanawa mikono. Nikafunua sahani, nikaanza kula ile nusu ya pili. Niliona vidole vyake vinataka kunizuia, vikafika mpaka ukingoni mwa sahani, vikabaki pale. Nilikula wali. Nilikula nyama. Nilipochukua ile nusu ya firigisi, Alimasi alishindwa kujizuia.

"Cécilia! Firigisi? Mwanamuke?"

"Mwache akule," baba akasema, taratibu, na fimbo alikuwa ameshailaza chini.

Ilikuwa ngumu, na ilikuwa na mchanga kidogo, maana niliiosha kwa haraka. Sijui wanaume wanasifu nini. Niliitafuna mpaka ikaisha, nikafuta sahani kwa kidole, mume wangu ananitazama kila tonge kama mtu anayehesabu watu wanaotoka shimoni. Kisha akaichukua ile sahani, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga.

"Imeisha," akasema.

"Imeisha," nikasema.

Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, mbele ya wakwe zake, mikono yote miwili imeishika sahani tupu, na mimi nikasogea karibu nikashika upande wa pili.

Baba yangu akasimama. Akamvuta ndugu yake kwa mkono wa shati, akasema wanakwenda kutazama mpunga umefikia wapi, na wakatoka, ingawa mvua ilikuwa imeshaanza.